Mtani wa Mchochea Moto

Mwanasha alizaliwa Malolo, kwenye bonde la vitunguu, katika ukoo wa Wasagara waliokuwako kabla reli haijafika Kilosa. Siku bendera ya mkoloni iliposhushwa alikuwa Kilosa mjini, mke mpya wa kibarua wa genge la reli, na alicheza ngoma mpaka kisigino kikapasuka. Baadaye alikuwa akisema kwamba Uhuru ulimkuta na viatu ukamwacha peku. Watu walicheka. Kila alichosema Mwanasha watu walicheka, na habari ninayoiandika hapa ni ya mwanamke aliyechekwa hata siku ile alipotaka kwa roho yake yote aaminiwe.

Mumewe alikufa kwa homa, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mwanasha akahamia Mikumi kwa kaka yake, akalima chini ya kilima, na ilipokuja Operesheni ya vijiji kibanda chake cha shambani kikabomolewa. Akapewa kiwanja kando ya barabara kuu, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa, mlango wa huyu unatazama kisogo cha yule. Hakulalamika. Alimwambia katibu wa tawi kwamba sasa angalau akipiga chafya majirani kumi watamwambia afya, na hapo awali alikuwa akiambiwa na tembo tu.

Nieleze kwanza utani, kwa sababu vijana wa leo wakisikia neno hilo wanafikiri ni vichekesho vya kwenye simu. Utani ulikuwa mkataba. Wanyamwezi walipita Usagara na mizigo ya pembe wakienda pwani, miaka na miaka. Wakapigana na wenyeji, wakanunua chakula kwao, wakauguzwa kwao, wakazikwa kando ya njia na watu wasiojua hata majina yao. Katika hayo yote ndipo makabila hayo mawili yalipokuwa watani. Mtani wako anaweza kukutukana wewe na waliokuzaa, kukunyang'anya kofia kichwani na nyama mkononi, na ukikasirika aibu ni yako. Lakini ukifa, ni yeye anayesimamia mazishi yako. Mtoto wako hawezi, macho yake yamejaa machozi. Mtani haruhusiwi kulia. Kazi yake ni kuingia kaburini, kulala pale utakapolazwa wewe, kukusema mabaya yako yote mpaka waliofiwa wacheke, na kukataa kutoka mpaka apewe chake. Nimekwenda misiba mingi miaka hii. Nakuta kamati, maturubai, na kijana mwenye kipaza sauti anayelipwa kwa saa. Mtani simwoni.

Mtani wa Mwanasha aliitwa Anselmi. Baba yake alitoka upande wa Tabora kufanya kazi ya reli, na Anselmi alizaliwa katika kota za reli Kilosa, akakua na moshi puani. Alipokuwa mtu mzima akawa mchochea moto kwenye garimoshi. Reli ilipofika Mikumi na kuendelea Kidatu, ni yeye aliyekuwa akitupa kuni na kugeuza vali katika kichwa kimoja cheusi cha mvuke kilichokuwa kikivuta mabehewa ya sukari na ya abiria. Kisha vikaja vichwa vya dizeli. Kichwa cheusi kikasukumwa kwenye reli ya pembeni pale stesheni ya Mikumi, nyasi zikaota kati ya magurudumu, na Anselmi akawa anakipita kila asubuhi kama mtu anayepita nyumba aliyofukuzwa.

Kilichomrudisha kazini ni makaa ya mawe. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, kuni za kuendeshea viwanda vya katani huko Kilosa zilikuwa zinafuatwa mbali zaidi kila mwaka, na shirika moja la umma, ambalo siku hizi hata jina lake hakuna anayelikumbuka, likaamua kujaribu makaa kutoka bonde moja la kusini. Malori yaliyaleta kwa barabara kuu mpaka Mikumi, ili yapakiwe kwenye mabehewa hadi Kilosa. Lakini yalikuwa makaa kwa jina tu. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, kama kichuguu baada ya mvua. Ukiyaminya, kiganja kinalowa. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa maji, na nani mwenye akili atasafirisha maji kwenye behewa kuyapeleka mji wenye mto? Wakajaribu kuyaanika juani. Yakapasuka, yakawa unga, na unga uliporundikwa ukashika moto wenyewe, bila kiberiti.

Dawa ikapatikana kwenye mvuke. Najua mtu atauliza: kitu kibichi kinakaushwaje kwa mvuke, si ndiyo kukilowesha zaidi? Basi akumbuke mgonjwa wa homa anavyofukizwa. Unamfunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Mvuke unamwingia, joto linafika mpaka kwenye mifupa, na jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo. Akitoka humo ni mwepesi. Ndivyo ilivyokuwa. Walileta jungu la chuma nene, refu kama chumba, na kifuniko kilichobanwa kwa bolti kuzunguka mdomo wote. Makaa yalitiwa ndani, kifuniko kikakazwa, na mvuke wa presha kubwa ukaingizwa kwa bomba kutoka kwenye kile kichwa cheusi cha treni, ambacho sasa kiliwashwa tena palepale kilipolala. Makaa yalikaa humo saa kadhaa yakitoa jasho. Maji meusi yalitoka kwa bomba la chini, yakafuatiwa na mvuke uliobaki, ukipiga mluzi mpaka ukaisha wenyewe. Mluzi ukinyamaza, kifuniko kinafunguliwa. Makaa yaliyotoka humo yalikuwa madogo kuliko yalivyoingia, magumu, meusi zaidi, na hayakuvunjika tena.

Anselmi alipewa moto na kifuniko, vyote viwili. Mwanasha na wanawake wengine walipewa kazi ya kuchambua mawe kwenye makaa kabla hayajatiwa jungani. Mimi nilikuwa mpima mizigo wa stesheni, mizani yangu iko hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo mengi ninayoyasema niliyaona na kuyasikia.

Asubuhi za mwezi wa sita Mikumi kuna baridi. Ukungu unashuka kutoka milima ya Vidunda na kukaa juu ya reli. Wanawake walikuwa wakikaa kandokando ya mtaro wa maji meusi, wakisubiri yatoke ili waoshe miguu kwa uvuguvugu wake. Hapo ndipo Mwanasha alipokuwa akianza.

“Mnyamwezi! Babu yako alikwenda pwani kwa miguu na pembe kichwani. Wewe umepewa treni, na hata Kilosa haifiki!”

“Babu yangu alipita kwenu mchana kweupe,” Anselmi alijibu bila kugeuka. “Babu yako alikuwa juu ya kilima, amejificha nyuma ya mke wake.”

“Alikuwa anachagua mzigo wa kuiba.”

“Akaiba upi?”

“Aliziona sura zenu, akaona tayari mna mzigo wa kutosha.”

Hata wapagazi wa stesheni walikuwa wakiacha magunia wasikilize. Mke wa Anselmi, Verdiana, alipoleta chakula cha mchana, Mwanasha alifika kwenye bakuli kabla ya mwenyewe. Ilikuwa haki yake. Na kila siku, Anselmi aliposhika spana kufungua kifuniko, alisikia maneno yaleyale kutoka mtaroni:

“Leo ndiyo siku yako! Leo unapikwa humo na makaa yako. Nitakuzika mimi, Mnyamwezi, na nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka Verdiana anipe yule jogoo mwekundu.”

“Mchukue hata leo,” Verdiana alijibu siku moja. “Jogoo na mume. Wote wawili wananisumbua alfajiri.”

Jungu lilikuwa na saa ya kuonyesha presha iliyobaki ndani. Ilikufa. Ikaagizwa nyingine. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeagizwa: sabuni imeagizwa, tairi zimeagizwa, saa ya jungu imeagizwa. Tangu hapo kifuniko kilifunguliwa kwa kusikiliza mluzi tu, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, watu waliacha kuitazama ile saa iliyokufa.

Sasa ile asubuhi. Lori moja lilikuwa limekwama njiani kwenye mvua isiyo ya msimu, na makaa yake yalifika alfajiri yamevunjikavunjika, nusu tope. Wanawake walisema hayafai. Nyapara akasema mabehewa yanasubiri, yatiwe hivyohivyo. Yakatiwa. Saa zikapita, Anselmi akafunga mvuke unaoingia, akafungua bomba la chini. Maji yakatoka kidogo, mazito kama uji wa ulezi. Mluzi ukapiga kwa muda mfupi. Kisha kimya.

Mwanasha alikuwa ameingiza miguu mtaroni. Siku zote maji yalimfika vifundoni yakapita mpaka kwenye nyasi ng'ambo ya reli. Siku ile yalilowesha vidole tu, yakakoma. Nilimwona akitazama miguu yake, kisha akatazama mdomo wa bomba, kisha akasimama.

“Anselmi! Usifungue. Maji hayajatoka.”

Spana ilikuwa tayari kwenye bolti. “Mtani, miguu yako imepata baridi unanilaumu mimi?”

“Tope limeziba bomba, maji yamo ndani bado. Usifungue!”

“Haya, jamani, leo nakufa,” Anselmi akawatangazia wenzake. “Mwiteni Verdiana akamate jogoo.”

Watu wakacheka. Mwanasha akaokota bonge la kaa akamrushia. Anselmi akalidaka, akalinyanyua juu. “Tazameni! Msagara kaniletea posa!” Wakacheka zaidi. Ungemwonyesha nini mtu huyo? Tusi lilikuwa utani, jiwe lilikuwa utani, kilio kingekuwa utani. Katika miaka yao yote hawakujiwekea neno hata moja la kuambiana ukweli, kwa kuwa hawakuwahi kulihitaji.

Basi Mwanasha akakimbia. Alitaka kumnyang'anya spana. Na Anselmi, alipomwona mtani anakuja mbio mikono mbele, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye mtani angefanya: aliona ananyang'anywa kitu, akaharakisha. Alizungusha bolti haraka huku akicheka, moja, na nyingine, ili amalize kabla hajafikiwa, amwonyeshe mikono mitupu.

Mvuke wa presha kubwa hauonekani unapotoka. Unaona tu mtu aliyekuwa amesimama hayupo pale alipokuwa, kisha ndipo unaona weupe. Sitasema zaidi. Kifuniko kiliinama upande mmoja, na Mwanasha, aliyekuwa bado hajafika, aliungua mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Anselmi alifariki kabla ya adhuhuri, stesheni, kwenye benchi la abiria, Verdiana akimpepea kwa upande wa khanga.

Jioni maneno yalikuwa yameshaenea nyumba hadi nyumba. Kinywa huumba, walisema. Kila siku alimwambia leo utapikwa, na siku hiyo imekuja. Wengine walisema alimkimbilia ili amsukume. Mwanasha alijifungia ndani. Na jambo hilo likawa baya kuliko maneno, kwa sababu mtani asiyetokea msibani kwa mtani wake anajulikana ni mtani wa namna gani: ni yule mwenye hatia.

Kaka mkubwa wa Anselmi, Donati, mtu wa reli aliyestaafu, alikuja na treni kutoka Kilosa. Alipoambiwa mtani hajafika, aliniomba nimwonyeshe nyumba. Akasimama mlangoni na, kama ilivyotakiwa, akaanza kwa tusi.

“We Msagara! Unalala, na maiti yako haina mtu?”

Mwanasha akafungua. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. “Shikamoo, kaka,” akasema.

Donati akavua kofia kama aliyepigwa. “Usinifanyie hivyo. Unanipa shikamoo mimi? Mimi ni mgeni kwako?”

“Nilimwambia asifungue.”

“Najua, ulimwambia kila siku.”

“Siyo ya kila siku. Nilimwambia kweli.”

Donati alikuwa mtu mwema, lakini nilimwona hajui ashike lipi. “Njoo tu,” akasema. “Usipokuja, Verdiana ataishi maisha yake yote akiamini walichomwambia. Njoo ulale kaburini, useme chochote. Watacheka, yataisha.”

Mwanasha alikuja. Alijifunga kaniki, akatembea mbele ya watu waliompisha njia kupita ilivyo lazima. Kaburi lilikuwa kwenye mteremko ng'ambo ya reli. Katekista aliposema sala ya kwanza na kusogea pembeni, Mwanasha akashuka, akalala chali kwenye udongo, mkono wake mbovu juu ya kifua. Watu wakasogea ukingoni. Baadhi yao walikuwa wameshaanza kutabasamu, kwa kuwa hapo ndipo msiba unapopumua, na walikuwa wamelia tangu jana.

“Anselmi,” Mwanasha akasema kutoka chini. “Nilikwambia maji hayajatoka.”

Mtu mmoja akacheka puani.

“Nilikuja nikunyang'anye spana. Ningekaa chini, ungefungua polepole, labda mvuke ungejitangaza.”

“Kaanza huyo!” sauti ikasema nyuma. Kicheko kikapita ukingoni. Donati mwenyewe alicheka, akijifuta macho, kwa shukrani, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwanasha akanyanyua kichwa, akatutazama tulivyopangana juu yake. “Sitanii,” akasema.

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Hakuna mtani duniani ambaye hajawahi kusema hatanii. Watu walishikana mabega. Wanawake waliokuwa wamekauka kwa kilio walicheka mpaka wakainama, na yeye akabaki amelala pale chini, mdomo wazi, hana neno lingine la kutumia.

Verdiana hakucheka. Aliinuka kwenye mkeka alipokuwa amekalishwa, ingawa mjane hakutakiwa kusogea, akaja ukingoni akapiga magoti.

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia.”

“Siyo ile ya jogoo?”

“Siyo ile, Verdiana. Mtaro haukujaa. Nikamwambia asifungue.”

“Akacheka.”

“Akacheka.”

“Hata mimi ningecheka,” Verdiana akasema, na akanyoosha mkono, akamvuta Mwanasha kutoka kaburini kwa ule mkono mzima. Donati alileta jogoo mwekundu, amefungwa miguu. Mwanasha alimpokea akamweka chini bila kumtazama, na pale palepale, mbele ya watu wa pande zote mbili, mtani akalia.

Shirika lilisimamisha kazi. Jungu likachukuliwa na lori, kichwa cheusi kikakatwa chuma chakavu. Makaa yaliyobaki yaliachwa wazi juani, yakapasuka, yakawaka yenyewe, yakafuka moshi wa kiberiti nyuma ya stesheni majuma mengi, na hakuna aliyeyazima.

Mwanasha aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakutania tena mtu. Lakini watu wa Mikumi walikuwa wameshamzoea, na kila alipofungua kinywa, hata kuuliza bei ya chumvi kwenye duka la ushirika, walianza kucheka kabla hajamaliza. Siku moja alisimama kwenye mkutano wa kijiji kusema kwamba daraja la miti la mto Miyombo limeoza. Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Akakaa. Baada ya hapo hakusimama tena mkutanoni, na dukani alionyesha kwa kidole alichotaka.

Aliongea na Verdiana tu. Walilima shamba moja, wakaanika mahindi kwenye mkeka mmoja uani kwa Verdiana. Wakati mwingine, jua likiwa kali na mbingu safi hata kipande cha wingu hakuna, Mwanasha alinyanyua kichwa akasema, “Mvua inakuja.” Verdiana aliinuka papo hapo, hakutazama juu, akaanza kukusanya mahindi yote kwenye ungo na kuyaingiza ndani. Mara nyingi mvua haikunyesha. Verdiana aliyatoa, akayaanika upya.